Mstari unapita Mtwara, sisi tunaenda Mafia: tusafiri?

SWALI: Shikamoo mzee. Mdogo wangu anaolewa Mafia Jumamosi hii. Tuko watu kumi na wawili kutoka Mbagala. Tumepanga kushuka na Coaster hadi Nyamisati Ijumaa alfajiri, tuvuke kwa boti hadi Kilindoni, turudi Jumapili. Sasa kijana wa jirani ana programu kwenye simu inayoonyesha kimbunga kinakuja, na mstari wake unapita Mtwara siku hiyohiyo ya harusi. Kwenye kundi letu wengine wanasema Mtwara ni mbali na Mafia, twende tu. Wengine wanasema hata kimbunga Jobo walitutisha nacho hivihivi na hakikuja. Mjomba wa bwana harusi, nahodha wa siku nyingi, amepiga simu kutoka Kilindoni kusema bahari ni kioo. Twende au tuahirishe?
Msomaji, Mbagala Rangi Tatu

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongereni kwa harusi.

Nianze na huo mstari. Miaka yote niliyokaa mbele ya ramani za hali ya hewa sijaona kitu kilichopotosha watu kama mstari. Kila ikifika Machi mpaka Mei simu yangu inajaa picha ileile: bahari ya buluu, duara jekundu, na uzi unaotoka kwenye duara kwenda kugonga mji wa watu. Na swali ni lilelile: "Unapita kwetu?" Ukipita kwingine, mtu anashusha pumzi na kufunga mabegi.

Uzi ule ni makisio ya njia ya kitovu, yaani lile jicho, nukta moja katikati. Kimbunga chenyewe si nukta. Mvua na upepo wake vinaweza kutanda mamia ya kilomita kila upande. Halafu uzi huo umetoka kwenye kompyuta moja, katika mzunguko mmoja wa hesabu, na hesabu hizo hupigwa upya mara mbili hadi nne kwa siku. Mwambie huyo kijana afungue programu yake asubuhi, kisha jioni, kisha kesho yake asubuhi. Utaona uzi unatoka Mtwara unaenda Komoro, halafu unarudi Kilwa. Kimbunga hakijahama, iliyohama ni hesabu. Na zikiwa zimebaki siku nane au kumi, programu hizo huweza kukuumbia kimbunga kizima ambacho hakitazaliwa kamwe, na picha yake inapendeza sawasawa na ya kile cha kweli.

Wamarekani wana ndege zinazoingia ndani ya kimbunga kupima upepo na mgandamizo wa hewa. Huku kwetu ndege hizo hatuna, tunategemea zaidi setilaiti. Na hata wao, wakitabiri kitovu kitakuwa wapi baada ya siku 5, hukosea kwa wastani wa kilomita 300 hivi. Sasa chukua ramani. Kutoka Mtwara hadi Kilindoni, ukiweka rula, ni kama kilomita 270. Yaani umbali mnaoutegemea kwenye kundi la harusi ni mdogo kuliko kosa la kawaida la watabiri wenye vifaa kuliko wote duniani. "Mtwara ni mbali na Mafia" ni hesabu ya nauli ya basi. Kwa kimbunga kilichobakiza siku tano, hiyo ni sehemu moja.

Hao Wamarekani huchora pia koni inayopanuka kadiri siku zinavyokwenda mbele, na watu wao nao huisoma vibaya. Wanadhani ni ukubwa wa kimbunga, kumbe ni eneo ambamo kitovu kinaweza kupita, na mara moja katika kila tatu hivi kitovu hutoka nje yake. Septemba 2022, siku kadhaa kabla ya kimbunga Ian kutua Florida, macho yote yalikuwa Tampa. Kikaja kutua kusini zaidi, upande wa Fort Myers, kikiwa na upepo wa kilomita 240 kwa saa. Waliojiona wako pembeni mwa picha ndio waliopigwa.

Kuna jambo jingine ambalo uzi haukwambii. Huku kusini mwa ikweta kimbunga huzunguka kufuata mwendo wa mishale ya saa. Kikija kutoka mashariki, upande wake wa kusini upepo unatoka baharini na kuyasukuma maji nchi kavu, na upande wake wa kaskazini upepo unatoka bara kwenda baharini. Kwa hiyo kikitua Mtwara, nyinyi mlio kwenye mkondo kati ya Nyamisati na Kilindoni mtakuwa kaskazini yake, na upepo utakuwa unaitaka boti yenu bahari kuu. Kikisogea kikatua kaskazini mwa Mafia, kisiwa ndicho kinachobebeshwa bahari. Na ikiwa ni siku ya bamvua, ambapo pwani yetu maji ya kujaa na ya kupwa hupishana kwa zaidi ya mita 3, saa ya kutua inaweza kuwa na uzito kuliko mahali pa kutua.

Sasa mjomba nahodha. Namheshimu, na kaskazi na kusi anavijua kuliko mimi. Lakini bahari kioo siku nne au tano kabla haisemi chochote. Hewa inayopanda kwa nguvu katikati ya kimbunga hushuka pembeni mwake, na ikishuka mawingu hukauka: jua kali, anga nyeupe, upepo wa kubembeleza. Tena Kilindoni inatazama bara, kisiwa chenyewe kinaikinga na bahari kuu. Mwambie avuke upande wa mashariki, asimame pale mawimbi yanapopasukia mwambani, ahesabu sekunde kutoka wimbi hadi wimbi. Mawimbi ya upepo wa kawaida hufuatana kwa sekunde tano, sita, saba. Akihesabu kumi na mbili au zaidi, ya mgongo mpana, laini, yasiyo na povu mpaka yagonge mwamba, hayo yametumwa na dhoruba iliyo mbali, nayo hutangulia dhoruba yenyewe kwa siku nzima au mbili.

Ukimya huo niliuona mwenyewe nikiwa kijana kazini. Barometa, kile chombo cha kupima mgandamizo wa hewa, huku pwani ina mapigo yake: hupanda hadi saa nne asubuhi, hushuka hadi saa kumi jioni, hupanda tena hadi saa nne usiku, tofauti ikiwa hektopaskali (kipimo cha mgandamizo) tatu hivi. Ukikaa nayo unaizoea kama saa ya ukutani. Usiku mmoja wa Aprili nilikuwa zamu, mwenzangu ametoa kiti nje apunge upepo maana joto lilikuwa halivumiliki. Saa nne ikafika, sindano haijapanda, nayo ikikosa kupanda saa yake ni dalili ya dhoruba. Nikagonga kioo kwa kucha nikidhani imekwama. Ikashuka kidogo zaidi. Nje nyota zote zilionekana. Nilimwita mwenzangu arudishe kiti ndani.

Hilo la "Jobo walitutisha" linanichosha kuliko yote. Aprili 2021 Jobo kilikuwa kinakuja upande wetu kweli. Kilichokimaliza ni upepo wa juu uliokwenda tofauti na wa chini, pamoja na hewa kavu iliyoingia ndani yake. Kimbunga ni mnara wa hewa ya moto, ukikisukuma kichwa kikatengana na miguu kinakufa. Kikafifia kabla hakijatua, na mtaani ikawa kicheko. Miaka miwili nyuma yake, Aprili 2019, Mtwara walitahadharishwa kuhusu Kenneth. Kikatua Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, kikakivuruga kisiwa cha Ibo. Upande huu wa mto wapo waliosema walidanganywa.

Na wale wanaosema Tanzania iko karibu mno na ikweta kwa vimbunga, wamesikia nusu ya somo. Ni kweli karibu na ikweta kimbunga hakipati msokoto wa kuzaliwa, lakini kikizaliwa kusini hakizuiwi kupanda kwetu. Aprili 1872 kimoja kiling'oa mikarafuu na minazi ya Unguja na kuvunja majahazi bandarini. Pemba ikaponea, na ndiyo maana karafuu ilihamia huko. Aprili 1952 ikawa zamu ya Lindi. Miezi yenyewe umeiona: mwisho wa msimu, katikati ya masika, wakati kila mtu anasema ni mvua tu.

Halafu kikaja kimbunga Hidaya. Tarehe 4 Mei 2024 kilifika Mafia, hukohuko mnakokwenda, kikiwa kimeshapungua nguvu. Boti za Zanzibar zilikuwa zimesimamishwa. Ilipotangazwa kwamba kimekwisha nguvu, watu wakaandika "kimeisha, tuendelee na maisha." Kumbe mvua iliyomwagwa Kilwa ilikuwa bado iko mabondeni inatafuta njia. Barabara kuu ya kusini ikakatika maeneo ya Somanga na Mikereng'ende, mabasi na malori yakapanga foleni pande zote mbili kwa siku kadhaa, na wa Mtwara aliyekuwa na haraka ilimbidi afikirie kuzunguka kwa Songea. Kwenye programu ya kijana wa jirani, uzi wakati huo ulikuwa umeshafutika.

Ndiyo maana nawakasirikia hawa ninaowaita watabiri wa bando. Ana simu, ana GB mbili, anapiga picha kioo cha programu, anaandika "KIMBUNGA KIKUBWA KUIPIGA DAR TAREHE FULANI, SAMBAZA." Siku tatu baadaye uzi umehama, anafuta na kukaa kimya. Mwaka jana mtu mmoja alinitaka nijiunge na kundi lake la "taarifa za ndani za kimbunga" kwa shilingi 2,000 kwa wiki. Nilipomuuliza taarifa zinatoka wapi akanitumia picha ya programu ileile ya bure, amekata sehemu ya juu yenye jina. Ubaya wake ni kwamba tarehe ya taarifa halisi ikifika, watu wameshachoka kutishwa.

Taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa haina rangi za kupendeza, lakini ina maneno matatu ya kuyajua: angalizo ni njano, tahadhari ni rangi ya chungwa, tahadhari kubwa ni nyekundu. Chini yake kuna mistari ambayo karibu kila mtu anairuka: uwezekano wa kutokea, na kiwango cha athari. Soma yote miwili. Uwezekano mdogo wenye athari kubwa si wa kupuuza mtu akiwa na watoto ndani ya boti. Na taarifa ya upepo na mawimbi ya baharini isome hata ukisikia kimbunga kimekwenda zake. MV Skagit ilizama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012 ikitoka hapa Dar, na siku hiyo hakukuwa na kimbunga chochote katika bahari yetu. Ilikuwa kusi tu.

Turudi Mbagala. Leo Jumatatu hakuna mtu anayeweza kukwambia Jumamosi itakuwaje Mafia, na atakayekwambia kwa uhakika mkimbie. Amueni Jumatano jioni, baada ya taarifa ya siku hiyo, kosa likiwa limepungua sana. Kukiwa na angalizo la mawimbi makubwa kwa pwani ya Pwani na Lindi, wazee, wajawazito na watoto wabaki. Ikiwa tahadhari, msiende kabisa, hata kama mwenye chombo anasema atavuka. Boti kubwa ikisimamishwa, msishuke gatini Nyamisati kutafuta mashua ya pembeni. Naandika hili kwa sababu kila mara huwa yupo anayeitafuta.

Anayelazimika kuwepo, avuke mapema, Alhamisi asubuhi kama bahari inaruhusu, akiwa na dawa zake na fedha za kukaa hadi Alhamisi inayofuata. Kwenda mnakuuliza nyote, kurudi hakuna aliyeniuliza. Wa Jumapili akikwama Kilindoni hana barabara, na akifanikiwa kuvuka bado kuna kipande cha kutoka Nyamisati hadi Bungu kabla ya kushika lami kuu.

Ndoa yenyewe inafungwa na walii na mashahidi wawili, na hao nadhani wako hukohuko Mafia. Nyinyi kumi na wawili mnakwenda kula pilau, nayo inaweza kupikwa wiki nyingine. Coaster lipeni kianzio tu, na mwenye gari aambiwe leo kwamba jibu atalipata Jumatano usiku.