Mifuko ya salfa imepungua uzito: je, naweza kuishtaki kampuni kwa niaba ya Serikali?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mtunza ghala wa kampuni binafsi inayosambaza pembejeo za korosho hapa Masasi. Msimu huu nilipandisha mizanini mifuko kumi ya salfa ya ruzuku, ile dawa ya unga ya mikorosho. Kila mmoja umeandikwa kilo 25, lakini hakuna uliofika kilo 23, na midomo yake imeshonwa upya kwa uzi mweusi ilhali ule wa kiwandani ni mweupe. Hati za kupokelea mzigo zinasema kilo 25, Serikali inalipia kilo 25, na sahihi iliyo chini ni yangu. Nimesikia redioni kwamba Marekani mfanyakazi huishtaki kampuni kwa niaba ya serikali, kisha akagawiwa sehemu ya fedha zinazorudishwa. Je, nami naweza?
Mtunza Ghala, Masasi

JIBU: Ndugu yetu, ulichosikia ni kweli, na chanzo chake kinafanana mno na ghala lako. Mwaka 1863, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimepamba moto, wazabuni waliliuzia jeshi la Rais Abraham Lincoln baruti iliyochanganywa na unga wa mbao, pamoja na farasi na nyumbu wagonjwa kwa bei ya wazima. Bunge la huko likapitisha sheria ya madai ya uongo, ambayo humruhusu mtu mwenye habari za ndani kufungua kesi kwa jina la serikali. Sheria hiyo, iliyotiwa nguvu upya mwaka 1986, huitoza kampuni mara tatu ya hasara iliyosababisha, faini mbali. Aliyefungua kesi hupata kati ya asilimia 15 na 25 serikali ikijiunga naye, au kati ya 25 na 30 ikimwachia aiendeshe mwenyewe. Kesi huanza kwa siri kwa siku zisizopungua 60, mshtakiwa asijue, ili wachunguzi wafanye kazi yao kwanza. Kampuni ya dawa ya Pfizer ilipokubali mwaka 2009 kulipa dola bilioni 2.3 kwa makosa ya jinai na madai, watoa taarifa sita waligawana zaidi ya dola milioni 102.

Hapa kwetu Tanzania huwezi kufungua kesi ya namna hiyo, na fungu la asilimia halipo. Tulicho nacho ni Sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Inataja zawadi na fidia, lakini kwa maoni yetu asiyekuwa na sababu nyingine ila zawadi ni heri atulie. Thamani ya sheria hii ni kinga: humlinda anayetoa taarifa kwa nia njema, akiwa na sababu za msingi za kuamini anachosema, na akaipeleka kwa chombo chenye mamlaka. Sharti hilo la mwisho ndilo linalowaponza wengi, kwa kuwa habari huanzia kijiweni kwenye kahawa, na kabla ya jua kuzama bosi ameshaipata. Nenda ofisi ya wilaya ya TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, au piga 113 bila malipo. Usimwambie hata shemeji.

Kuhusu sahihi yako, hatutakuficha kwamba ndilo jambo zito zaidi katika barua yako. Hata Marekani, aliyeupanga udanganyifu mwenyewe hupunguziwa fungu, na akitiwa hatiani kwa jinai hapati kitu. Wewe hukupanga, lakini hati ndizo zitakazosomwa kwanza, kwa hiyo muone wakili kabla ya kuandika maelezo, na uyaeleze yote, na sahihi ikiwemo, badala ya kusubiri uulizwe. Usibebe majalada ya kampuni kwenda nayo nyumbani, maana utageuziwa kesi ya wizi; kumbukumbu yako ya tarehe, namba ya gari na uzito wa kila mfuko inatosha kuwaonyesha wachunguzi pa kuanzia. Mzigo ujao ukifika, andika kwenye hati uzito ulioonyeshwa na mizani. Ukiamriwa kuandika 25, liandike hilo nalo daftarini, pamoja na jina la aliyekuamuru.