Mzee Saleh Omar si ajenti wenu

Wapwa zangu wa Jinja, ujumbe wenu wa sauti nimeusikiliza. Ati ajenti wa safari wa Kampala kawaambia mkishuka Gatwick, uwanja wa ndege huku Uingereza, mtamke "mkimbizi" halafu mjifanye hamjui Kiingereza, kwa kuwa ndivyo alivyopita yule mzee, Saleh Omar, kwenye riwaya ya Abdulrazak Gurnah, na Gurnah akapewa Nobel mwaka 2021. Nobel alipewa kwa kuandika, jamani!

Riwaya yenyewe ni By the Sea, ya 2001. Saleh Omar anatua na pasi yenye jina la mtu mwingine, Rajab Shaaban. Aliyemuuzia tiketi ndiye aliyemfunza kukaa kimya. Afisa anafungua begi, anakuta kikasha cha udi, anaunusa, na mwisho wake udi unabaki kwa afisa. Hapo ajenti hakuwasimulia, eh? Wala hakusema kwamba jina lile la kuazima linamletea Latif, mtoto wa Rajab Shaaban halisi, na ugomvi wa zamani wa nyumba unafufuka hukuhuku Uingereza.

Sasa makaratasi. Ipo sheria ya Uingereza ya 2004, riwaya ilikuwa imeshatoka: ukitoa pasi ya uongo kana kwamba ni halali, au ukikaa bila kujibu pasipo sababu ya maana, hilo linahesabiwa dhidi ya ukweli wako. Tena mkiomba viza huko Kampala mnaacha alama za vidole, kwa hiyo jina jipya halifiki mbali. Taarifa ya benki ya kughushi, iliyochapwa Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala, ikigundulika kwenye maombi, unaweza kunyimwa viza miaka 10.

Mahojiano ya kuomba hifadhi ni mawili. La kwanza ni fupi: jina, njia uliyopitia, unaogopa nini. La pili ni refu, huja baada ya miezi mingi, na majibu ya kwanza yako mbele ya afisa. Wengi huangukia hapo. Mwanzo ulisema umepitia Nairobi, leo Addis. Mwanzo ulikamatwa mwezi wa tatu, leo wa tano. Ombeni mkalimani wa lugha mnayoota nayo. Kama ni Lusoga, semeni Lusoga. Msijitie Kiswahili cha Unguja kumuiga mzee wa kitabuni. Nakala ya mahojiano isomeni neno kwa neno, masahihisho yaende kabla ya uamuzi. Ukikataliwa ukiwa huku, rufaa ni siku 14.

Na kyeyo, vile vibarua vya ughaibuni? Anayesubiri hifadhi haruhusiwi kufanya kazi. Miezi 12 ipite bila jibu ndipo aombe ruhusa, nayo ni kwa kazi za orodha ya serikali tu. Pesa ya kujikimu, kwa kiwango cha 2024, ilikuwa pauni 49.18 kwa wiki. Ukiwekwa hoteli yenye chakula, ilikuwa 8.86. Toeni humo ada ya wadogo zenu, tuone.

Kwa hiyo msije. Kibanja cha babu msikiuze.

Lakini kama yupo anayewindwa kweli, na mnajua nasema nini, huyo asingoje. Aje, aseme palepale uwanjani, kwa jina lake, hata kwa Kiingereza cha kuokoteza. Barua ya polisi, karatasi za hospitali, picha, vyote awe navyo mkononi.

Na ile pesa mliyokwisha kumpa ajenti, idaini wiki hii, kabla hajabadilisha laini.