Mahamri yanaisha, hela haionekani

SWALI: Nauza mahamri na mbaazi mtaani Maweni, Malindi. Saa tatu asubuhi sinia ni tupu, lakini jioni sina hela ya unga wa kesho. Nakosea wapi?

JIBU: Dada yetu, anza na donge. Unga kilo 2, sukari robo na tui lita moja hutoa kama kilo 3 na robo ukishakanda. Ukikata kwa macho, donge la gramu 80, unapata mahamri 40. Ukipima kwa mizani, gramu 65, unapata 50. Hayo kumi ndiyo faida unayoigawa bure kila siku! Angalia na karai: mafuta yasipopata moto, mahamri huyanywa. Tupia kipande kidogo. Kikiibuka papo hapo, anza kuchoma. Makaa, iliki na mafuta vyote viandike, wengi huhesabu unga peke yake.

Deni ndilo baya zaidi. Kabla hujamkopesha jirani yeyote, toa hela ya unga wa kesho uifunge kando. Malipo ya M-Pesa yapokee kwa namba ya till, yasichanganyike na karo na vocha kwenye simu yako.