Taa ya injini imewaka: majibu kwa madereva wa Nyanda za Juu

Safari hii karibu wote mmeuliza kuhusu ile taa ya njano yenye picha ya injini, na gari kumisi, yaani silinda kukosa kuchoma mafuta inavyotakiwa. Maswali nimeyafupisha, majina nimeyaondoa.

Fundi, habari za kazi. Nina IST, naishi Uyole. Taa imewaka na gari linatetemeka nikisimama kwenye foleni. Mashine ya kupima imesoma kodi (namba ya kosa) P0302. Fundi wa huku anataka ninunue koili nne pamoja na sensa ya oksijeni. Ninunue?

Nzuri, ndugu yangu. Hela ibaki mfukoni kwanza. P0302 inasema jambo moja tu: kompyuta ya gari imeona silinda ya pili haichomi inavyotakiwa. Kwa nini haichomi, haijasema. Inaweza kuwa plagi, koili inayoipa plagi umeme wa cheche, nozeli inayopuliza petroli, mpira wa hewa uliopasuka karibu na silinda hiyo, au vavu isiyofunga. Kununua koili nne kwa kosa la silinda moja ni kubahatisha kwa hela ya mwenye gari, na sensa ya oksijeni haimo kabisa kwenye kesi hii.

Fanya hivi. IST ina koili nne, kila silinda na yake, na kila koili imeshikwa na boliti moja ya namba 10. Silinda ya kwanza ni ile ya upande wa mkanda, unahesabu kutoka hapo. Zima gari, chomoa koili ya pili uiweke kwenye silinda ya tatu, ya tatu ije kwenye ya pili. Kodi ifutwe, endesha mpaka taa irudi, halafu pima tena. Ikitoka P0303, kosa limehama na koili: hiyo ndiyo mbovu, nunua moja. Ikibaki P0302, koili haina kesi. Hamisha plagi kwa mtindo huohuo. Kosa likigoma kuhama na plagi, sasa ndiyo uende kwenye nozeli, na mwisho kompresheni, yaani mgandamizo wa silinda.

Ukishachomoa plagi usiirudishe bila kuitazama. Kahawia hafifu au kijivu ni nzuri. Nyeusi ya masizi inasema petroli inazidi au moto ni dhaifu. Iliyolowa petroli haikuwaka kabisa. Ukikuta oili ndani ya shimo la plagi, gasketi ya kava ya juu imechoka na oili inaila mipira ya koili, kwa hiyo hata koili mpya haitadumu. Plagi za kawaida hubadilishwa karibu kila kilomita 20,000, za iridiamu hufika 100,000, mradi ziwe za iridiamu kweli. Ukiuziwa "iridiamu" kwa bei ya plagi ya kawaida, umeuziwa plagi ya kawaida.

Natoka Mafinga na Noah, nabeba abiria. Nikipanda Kitonga taa inapepesa na gari linakosa nguvu. Kwenye tambarare linatulia. Niendelee tu?

Hapana, kaka. Taa iliyowaka na kutulia inakuruhusu kufika gereji taratibu. Inayopepesa ina maana silinda inamisi kiasi kwamba petroli mbichi inapita kwenye eksozi na kwenda kuungulia ndani ya masega, kile kisafisha moshi cha kwenye eksozi. Masega yanapata moto mpaka yanayeyuka na kuziba, na yakishaziba utabadilisha koili zote na gari bado halitapanda. Ondoa mguu kwenye mafuta mara moja, nenda polepole mpaka upate sehemu pana ya kuegesha, isiwe kwenye kona za Kitonga ambako malori yanapanda nyuma yako.

Kwa nini mlimani tu? Kwa sababu ukikanyaga mafuta na mzigo, mgandamizo ndani ya silinda unapanda na cheche inahitaji umeme mkubwa zaidi kuruka. Koili iliyochoka inamudu tambarare, mlimani inashindwa. Pampu ya mafuta au filta iliyoziba nayo huonekana hapohapo. Ndiyo maana fundi anayelisikiliza gari likiwa limesimama gereji atakwambia halina kitu. Mpandishe naye mlima, mashine ikiwa imechomekwa. Hata kipande cha Ipogolo kuingia Iringa mjini kinatosha.

Na akikushauri kuyatoa masega "ili gari lipumue", muulize yeye atayapeleka wapi. Ndani yana platinamu na paladiamu, wanunuzi wapo.

Ugonile fundi. Niko Tukuyu. Asubuhi gari linamisi dakika chache, likipata moto linatulia. Taa haijawahi kuwaka. Ni baridi tu?

Ndaga, mama. Baridi peke yake hailimisishi gari zima. Kwa mvua za huko anza na unyevu: mipira ya koili iliyopasuka, au maji yaliyobaki kwenye mashimo ya plagi baada ya kuoshewa injini kwa presha.

Ninachokiogopa zaidi ni maji ya rejeta. Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, fungua utazame kiwango. Kama yanapungua na chini hapavuji, na gari likiwaka linatoa moshi mweupe usiokata hata likishapata moto, maji yanaingia kwenye silinda usiku kucha. Hiyo ni gasketi ya silinda hedi. Usisubiri hadi lichemke njiani.

Kuhusu taa, kompyuta mara nyingi husubiri ilione kosa kwenye safari mbili mfululizo ndipo iwashe. Kwa hiyo pima hata kama taa imezima, kodi inaweza kuwa imo tayari.

Kutoka Chunya kuja Mbeya, gari linachoka sana kule Kawetire. Ni injini?

Huenda ni hewa tu. Barabara hiyo inapita juu ya meta 2,000, na injini isiyo na tabo (kisukuma hewa) hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila meta 1,000. Lakini uchovu wa hewa nyepesi ni laini, hauna kigugumizi. Likishtuka-shtuka au taa ikiwaka, mlima usiusingizie.

Niliishiwa nikaweka petroli ya dumu barabarani. Tangu hapo linamisi, mashine inasema P0300.

P0300 ni kumisi kusikokaa silinda moja, na mafuta machafu yanagusa silinda zote. Inawezekana ni maji, inawezekana ni mafuta ya taa. Uchakachuaji ndio uliowafanya EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, waanze kuweka vinasaba (alama ya kutambua mafuta halali) mwaka 2010, ila dumu la barabarani halipimwi na mtu. Mwaga tangi, badilisha filta, safisha plagi, jaza kituoni. Dawa za chupa za kumimina tangini usizinunue kwanza.

Nikichomoa betri taa inazima, baada ya siku mbili inarudi.

Unafuta ushahidi. Pima kabla ya kuchomoa.

Niko Makambako, nataka kununua gari la mkononi. Taa ya injini haiwaki kabisa. Ni dalili njema?

Inategemea haiwaki lini. Washa swichi bila kupiga stata: taa ya injini lazima iwake pamoja na nyingine, kisha izime injini ikishaunguruma. Isipowaka hapo mwanzo, balbu imetolewa au imezibwa. Ikiwaka na kuzima sekunde ileile na taa ya oili, kila mara, shuku kwamba waya zimeunganishwa pamoja. Nenda na mashine pia. Ikionyesha kwamba majaribio ya kompyuta hayajakamilika, kodi zimefutwa karibuni au betri imechomolewa. Omba ulitembeze hadi Njombe na kurudi, upime tena. Muuzaji akikataa, mrudishie funguo.