Maswali ya Wasomaji: Santuri Kuukuu za Jazi

SWALI: Ndugu Mhariri, nimeonyeshwa santuri ya jazi ya kampuni ya Blue Note, yenye herufi RVG karibu na lebo. Muuzaji anataka bei kubwa, akidai kuwa herufi hizo zatosha kuthibitisha ubora wa sauti. Je, nimwamini?

JIBU: Ndugu msomaji, mwamini nusu. Herufi hizo ni za Rudy Van Gelder, fundi wa sauti wa New Jersey, Marekani, aliyerekodi sehemu kubwa ya muziki wa Blue Note, kwanza sebuleni kwa wazazi wake mjini Hackensack, kisha, kuanzia mwaka 1959, katika studio yake ya Englewood Cliffs. Zinaonyesha kwamba yeye ndiye aliyechonga sahani mama, yaani ile ya kwanza ambayo nakala zote hutokana nayo, lakini hazitaji kiwanda kilichotoa nakala. Ukiona pia alama ndogo mfano wa sikio, nakala hiyo ni ya kiwanda cha Plastylite, kilichoifanyia Blue Note kazi hadi mwaka 1966, muda mfupi baada ya Blue Note kununuliwa na kampuni nyingine ya santuri, Liberty. Nakala nyingi za baadaye, zisizo na sikio, zilitokana na kazi ileile ya Van Gelder, na baadhi yake husikika vizuri sana kwa bei nafuu.

Hata hivyo, alama hizo zinahusu siku santuri ilipotoka kiwandani tu, wala hazisemi imepitiwa na sindano za namna gani tangu hapo. Omba kuisikiliza, tena uanze na wimbo wa mwisho wa kila upande. Kwa kuwa santuri huzunguka mara 33⅓ kwa dakika wakati wote, mfereji (mkondo uliochongwa ambamo sindano hupita) ulio karibu na lebo, penye wimbo wa mwisho, hupita chini ya sindano kwa takriban sentimita 21 kwa sekunde, ilhali ule wa ukingoni hupita kwa 51; mawimbi ya sauti hubanana, na uchakavu husikika hapo mapema. Tarumbeta au saksafoni ikikwaruza kila inapopazwa, mfereji umelika, na hakuna kuosha kutakakouponya, hata kama santuri inang'aa. Milio midogo midogo ya hapa na pale mara nyingi ni vumbi tu.

Piano ikisikika kama imefunikwa blanketi, usiilaumu nakala: wasikilizaji wengi, nami nikiwemo, huona kwamba Van Gelder ndivyo alivyoirekodi.

Muuzaji akikukatalia kuisikiliza, mpe bei ya santuri iliyochakaa.