Transit Istanbul: usimfuate mtu yeyote Sultanahmet, hata akikuita ndugu

Mkuu ngoja kwanza. Hapo uliposema una transit Istanbul Jumanne na kuna jamaa umemjulia mtandaoni atakupokea kituo cha tramu Sultanahmet, mtaa wa kale wa mji, akuzungushe bure, msikiti wa Ayasofya, kasri la Topkapı na kila kitu, nimeshtuka. Hakuna cha bure pale, mimi nimelipa.

2024 nilikuwa na transit kama yako. Nimesimama pale ulipokuwa uwanja wa mbio za farasi wa Wabizanti, watawala wa mji huu kabla ya Waturuki, naangalia ule mnara wa jiwe kutoka Misri waliousimamisha mwaka 390, anakuja kijana nadhifu, salamu aleikum, unatoka wapi, Tanzania, aaah Samatta! Akanieleza enzi zake Fenerbahçe mpaka nikajiona niko Kariakoo. Halafu akaniambia Msikiti wa Bluu umefungwa, ni muda wa swala, tukapumzike kidogo kwa mjomba wake.

Sasa ndugu yangu mimi NINA UDHU. Nimekuja kuswali adhuhuri humo humo! Msikiti unafungwa kwa watalii swala ikifika, anayeswali anaingia zake. Nilikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni na nikamfuata, kwa sababu kuna mtu aliniambia kabla sijasafiri eti Mturuki akikualika chai ukikataa umemtukana. Huyo mtu mpaka leo nikimkumbuka damu inachemka.

Mjomba ni duka la mazulia. Chai ya tofaa kikombe cha kwanza, cha pili, zulia linakunjuliwa juu ya zulia, mlango umeegeshwa, saa mbili zikaisha nikatoka na kizulia cha "hariri" dola 380. Msinicheke, mngekuwa nyie mngebeba viwili. Nimefika Dar nikachoma uzi mmoja kwa kiberiti, ukayeyuka kama mfuko wa rambo.

Kama pamefungwa, mlango ndio ukuambie, siyo mtu. Nenda mpaka getini kwa miguu yako, muulize mlinzi, hata kama watu kumi wamekuapia njiani.

Adhuhuri niliiwahi dakika za mwisho ndani ya Ayasofya, chini wanaswali bure, na kuswali kwenye jengo lililokamilika mwaka 537, kanisa miaka zaidi ya 900 kabla Sultan Mehmed hajaligeuza msikiti 1453, machozi yalinitoka. Ila juu kwenye ghorofa ya michoro ya vijiwe, ambako mtalii wa nje analipa yuro 25, sikupata muda. Yerebatan, lile tangi la maji la chini ya ardhi lenye nguzo 336, sikuona hata nguzo moja. Saa mbili za chai hizo.

Halafu umeandika Jumanne, Topkapı Jumanne hawafungui, huyo jamaa kama ni mwenyeji mbona hajakwambia? Siku hiyo teremka msikiti wa Küçük Ayasofya upande wa baharini, nao ulijengwa na Justinian, mfalme wa Wabizanti aliyejenga Ayasofya, hauna kiingilio.

Mwandikie huyo mtu sasa hivi kwamba huendi naye, kisha urudi hapa utuambie umeshamwandikia.