Miaka 18 hajachelewa

Dada umeuliza kama mdogo wako hapa Tabora, miaka 18, anapiga kinanda kwaya ya kanisani, kachelewa kuwa mpiga ogani (kile kinanda kikubwa cha mabomba) na piano wa muziki wa klasiki. Hajachelewa kabisa! Bach, yule mtunzi mkubwa wa muziki wa klasiki, alipata kazi ya ogani Arnstadt, Ujerumani, 1703 akiwa na 18 hiyohiyo, halafu 1705 akatembea kwa miguu kama kilomita 400 mpaka mji wa Lübeck kumsikiliza Buxtehude, mpiga ogani maarufu wa huko, yani kama utoke Tabora ufuate reli mpaka Kigoma, kaomba ruhusa wiki 4 akakaa karibu miezi 4. Ila mdogo wako aache kutegemea ile pedali ya piano ya kurefusha sauti, kwenye ogani ukiinua kidole tu sauti imekatika, kwahiyo ashikilie noti mpaka kidole kingine kifike, polepole, aanze na mkono wa kushoto.